Moura 1994: Moto Uliosomwa Hewani Ukaachwa

Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Agosti 1994, watu 21 walikuwa chini ya ardhi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Moura Namba 2, jimbo la Queensland, Australia. Ilipofika kama saa 5:35 usiku mgodi ulilipuka. Kumi walitoka, 11 hawakutoka. Siku mbili baadaye ulilipuka tena, mchana, ukazibwa kutokea juu, na miili ya wale 11 haijatolewa hadi leo. Uchunguzi rasmi ulibaini kwamba mlipuko wa kwanza ulianzia kitalu namba 512, ambacho kilikuwa kimezibwa mapema siku hiyohiyo, na kwamba ndani yake makaa yaliyobaki yalikuwa yakijipasha moto yenyewe. Mtu akisoma habari hii harakaharaka atadhani mgodi haukuwa na vipimo. Vilikuwapo. Gesi ilipimwa, hesabu zilifanywa, na zilikuwa zikipanda. Hoja yangu ni kwamba Moura haikuangushwa na uhaba wa namba, bali na kukosekana kwa kanuni iliyoandikwa mapema ikisema namba ikifika hapa, watu hawashuki.

Ili hoja hiyo isimame, tuanze na makaa yenyewe. Makaa ya mawe yakishapasuliwa na kukutana na hewa huanza kushika oksijeni papo hapo, hata katika joto la kawaida, na kila yanaposhika hutoa joto kidogo. Hewa ikipita kwa wingi hulibeba joto hilo likaishia nje. Ikikosekana kabisa, oksijeni huisha na mambo hutulia. Hatari ipo katikati: kwenye rundo la vipande na vumbi lililoachwa nyuma ya nguzo, ambapo hewa inapenya kiasi cha kulisha joto lakini haitoshi kulipooza. Joto likipanda, makaa hushika oksijeni kwa kasi zaidi, na joto huzidi tena. Muda mrefu kabla ya moshi kuonekana, mchakato huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mwaka 1896 John Scott Haldane alichunguza maiti za wachimbaji wa Tylorstown, Wales, ambako walikufa watu 57, akaonyesha kwamba wengi wao waliuawa na gesi hii na si kishindo cha mlipuko. Ndiyo asili ya panya na ndege wa kanari kushushwa migodini. Lakini ndege humwambia mtu kwamba hewa anayoivuta sasa ni sumu. Hawezi kumwambia kwamba mahali pasipofikika, mita mia kadhaa mbele, makaa yameanza kuchemka.

Wapo wanaouliza kwa nini basi isipimwe joto moja kwa moja. Kwa sababu makaa ni kipitishi kibovu cha joto. Sehemu moja inaweza kuwa karibu kuwaka na ukuta ulio hatua chache pembeni ukaguswa kwa mkono usijulishe lolote. Hewa ndiyo pekee inayopita huko ndani na kurudi na habari, na kazi ya mtaalamu ni kuisoma bila kudanganyika. Kudanganyika nako ni rahisi kupita kiasi. Tuseme hewa inatoka kitaluni kwa mita za ujazo 15 kila sekunde, na kifaa kinasoma sehemu 20 za kaboni monoksaidi kwa milioni. Zidisha: ni lita 0.3 za gesi hiyo kwa sekunde, yaani lita 18 kwa dakika. Sasa fungua hewa zaidi, ziwe mita 30. Makaa hayajabadilika hata chembe, bado yanatoa zile lita 18, lakini kifaa kinasoma 10 tu. Msimamizi anayefuatilia usomaji wa kifaa peke yake atasema hali imetengemaa. Ndiyo maana migodi ya Queensland ilikuwa ikihesabu lita kwa dakika, na ilikuwapo kanuni ya mkono iliyojulikana: lita 10 zichunguzwe, lita 20 ni hatari kubwa.

Njia ya pili ni ya zamani zaidi, na kwangu mimi ndiyo yenye akili kuliko zote. Katika miaka ya 1920 Mwingereza Ivon Graham alijiuliza swali jingine: kati ya oksijeni yote iliyopotea, ni kiasi gani kimegeuka kaboni monoksaidi? Makaa yaliyopoa hula oksijeni na kutoa gesi hiyo kidogo tu. Yakipata joto, sehemu inayogeuka huongezeka. Ugumu ni kujua kiasi kilichopotea, kwa kuwa mgodini kuna methani inayoichanganya hewa yote. Graham alitumia naitrojeni kama shahidi: makaa hayaili, na methani inaipunguza kwa uwiano uleule inavyoipunguza oksijeni. Katika hewa safi oksijeni ni mara 0.265 ya naitrojeni. Chukua sampuli yenye naitrojeni asilimia 79.5 na oksijeni asilimia 20.1. Oksijeni ilipaswa kuwa 21.07, kwa hiyo pengo ni 0.97. Ikiwa kaboni monoksaidi ni asilimia 0.004, uwiano ni takriban 0.4 katika mia, jambo la kawaida kwa makaa mengi. Ikiwa ni asilimia 0.012, uwiano unafika 1.2, na hapo kuna kitu kinachemka. Uzuri wake ni kwamba kufungua hewa hakuufichi. Udhaifu wake ni kwamba pengo la oksijeni likiwa dogo mno, kosa dogo la kifaa linalivuruga jibu lote, na kitalu chenye hewa nyingi mara nyingi kiko hivyo hasa. Hesabu ya lita nayo hufa siku kitalu kinapozibwa, maana hakuna tena hewa inayotembea ya kuhesabu. Mgodi makini huhitaji njia zote mbili, pamoja na mtu anayejua ni ipi inasema kweli leo.

Kitalu 512 hakikukaa kimya. Lita kwa dakika zilikwishavuka 10 na zilikuwa zikielekea 20. Kwa nyakati tofauti wafanyakazi walitaja harufu inayofanana na lami, ambayo kwa mchimbaji wa makaa ni habari mbaya kuliko namba yoyote. Wala eneo hilo halikuwa geni kwa balaa: mwaka 1975 mgodi jirani wa Kianga uliwaua watu 13 baada ya makaa kujipasha moto, na 1986 Moura Namba 4 ukaua 12 kwa mlipuko mwingine. Pamoja na yote hayo, kila dalili ilipokelewa kivyake, ikapata maelezo yake, ikapita. Kilichoamuliwa ni kuziba kitalu mapema. Kuziba ni dawa sahihi, isipokuwa ina saa zake mbaya. Ukuta ukishajengwa, methani hujikusanya ndani, na ili ifike kiwango kisichoweza kulipuka ni lazima kwanza ipite kati ya asilimia 5 na 15, ambapo inalipuka, huku oksijeni ikiwa bado haijaisha. Kama humo ndani hakuna chenye moto, kipindi hicho hupita salama. Kama kimo, kitalu kilichozibwa ni bomu lililotegwa. Kwa hiyo swali la Jumapili ile halikuwa kama kuta zimejengwa vizuri. Lilikuwa: je, tuna uhakika kwamba makaa yamepoa kiasi cha kuwaacha watu chini kipindi hiki? Zamu ya usiku ilishuka kana kwamba swali hilo limeshajibiwa.

Pingamizi zipo, na si za kipuuzi. Ya kwanza: injini za dizeli na baruti hutoa kaboni monoksaidi pia, kwa hiyo ukiondoa watu kila gesi inapopanda mgodi hautachimba. Kweli, ila gesi ya dizeli hupanda gari linapopita na kushuka likiondoka, wakati ya makaa hupanda wiki baada ya wiki bila kurudi nyuma. Anayechora mchoro ataona tofauti. Ya pili ni nzito zaidi: hakuna kiwango kimoja kinachofaa kwa kila mgodi, na meneja mzoefu anajua makaa yake kuliko kitabu. Hapa nakubali nusu. Viwango lazima vitokane na makaa ya mahali hapo. Lakini uzoefu wa meneja ni uzoefu wa siku ambazo hakuna kilicholipuka, na akikaa mbele ya namba Jumapili jioni, zamu ikiwa inasubiri, kila kitu kinamvuta kuona sababu ya kuendelea. Kanuni iliyoandikwa miezi kadhaa kabla haimnyimi uamuzi, inageuza tu mzigo wa ushahidi: anayetaka watu washuke ndiye athibitishe kwamba ni salama.

Queensland ililipokea hilo. Baada ya uchunguzi, kila mgodi wa chini ya ardhi ulitakiwa kuwa na mpango ulioandikwa wa kudhibiti makaa yanayojipasha moto, wenye viwango na hatua za kuchukua. Vifaa vya kujiokolea vya kuchuja gesi, ambavyo havimsaidii mtu palipokwisha oksijeni, viliondolewa, vikaletwa vinavyobeba oksijeni yake. Mwaka 1997, huko Collinsville, walijaribu hata injini ya ndege iliyoundwa upya ili moshi wake uliokwisha oksijeni usukumwe mgodini kuzima moto. Mitambo ya namna hiyo huvutia wapiga picha. Karatasi yenye viwango haimvutii mtu yeyote, lakini ndiyo ingewabakiza wale 11 juu ya ardhi usiku ule, kwa sababu namba ambazo ingezihitaji zilikuwa tayari zimeandikwa.