Ubatizo Uliogeuzwa Adhabu: Tahakiki ya "Mabepari wa Venisi"

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alichapisha tafsiri hii ya mchezo wa Shakespeare mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina alilolichagua ni tahakiki tayari. Jina la asili hutaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu anawataja mabepari, tena wengi. Hivyo amemzuia msomaji kumtwika lawama yote Shylock, Myahudi mkopeshaji anayedai ratili ya nyama kutoka mwilini mwa Antonio. Bassanio naye anakopa ili akapose mwanamke tajiri. Shylock mwenyewe anawakumbusha waungwana wa mji kwamba wanao watumwa waliowanunua. Katika Venisi kila mtu ana bei yake.

Mchezo huu huhesabiwa kuwa komedi, lakini kicheko chake ni kichungu. Niliwahi kusoma onyesho la mahakama pamoja na vijana wa usharika mmoja huko Bunda. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, alipoamuru nyama ikatwe pasipo kumwaga tone la damu, vijana walishangilia. Gratiano alipomdhihaki Shylock, walicheka. Antonio alipotoa sharti kwamba Shylock awe Mkristo, waliendelea kucheka. Nami, mchungaji wao, nilikuwa nimecheka pamoja nao.

Hapo ndipo kicheko kilipaswa kukoma. Portia amekwisha kuhubiri rehema kwa ufasaha mkubwa. Lakini rehema inayotolewa kwa kitisho ni Sheria iliyovikwa joho la Injili. Ubatizo, ambao Kristo ameuweka uwe zawadi, umeorodheshwa pamoja na kunyang'anywa mali. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, lafundisha kwamba maaskofu hutenda kazi yao kwa Neno tu, pasipo nguvu za kibinadamu.

Wala tusiinyoshee Venisi kidole. Mwaka 1543 Luther aliandika dhidi ya Wayahudi maneno makali ya kutisha, akashauri masinagogi yao yachomwe moto. Katika miaka ya 1980 Walutheri wa dunia, kupitia Fungamano lao, waliyakataa maneno hayo. Jina zuri la tafsiri haliponyi jeraha hili; lapanua hatia tu, na hilo si jambo dogo.

Mwanafunzi atakayetumwa Musoma au Bunda atayakuta haya katika sura nyingine. Binti analetwa abatizwe siku chache kabla ya arusi, kwa kuwa wakwe wamedai hivyo. Je, tumemhubiria Injili, au tumemsomea masharti ya mkataba? Wengi wetu tumekwisha kumwaga maji hayo bila kuuliza.

Kwa sababu hiyo nashauri mchezo huu usomwe vyuoni mwetu, na kuigizwa pia. Ila onyesho la mahakama likiisha, wasikilizaji wakae kimya kidogo kabla ya kupiga makofi.