Mfalme Aliyetoka Mbali na Ndugu Aliyeitwa Taka

Sisi watoto wa Buyenzi tulimjua Simba kwa Kifaransa. Filamu ya Disney ya mwaka 1994 ilitufikia hapa Bujumbura ikiitwa Le Roi lion, na Mufasa wetu alizungumza kwa sauti ya Jean Reno. Nyumbani tulisema Kiswahili, darasani Kirundi na Kifaransa. Kwa hiyo nakumbuka vizuri raha ya kusikia, katikati ya Kifaransa kile, majina ambayo hayakuhitaji mwalimu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Wenzetu wa mitaa mingine waliyachukua kama majina tu. Sisi tulicheka kabla yao, maana tulijua kwamba ngiri yule amepewa jina la mtu aliyepumbaa.

Raha hiyo ilikuwa na sababu nyingine. Shuleni, kumwita mtoto Muswahili hakukuwa kutaja lugha yake. Kulikuwa kumwita mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Filamu ile ndiyo iliyonionyesha kwa mara ya kwanza neno la nyumbani kwetu likibebwa na mrithi wa ufalme. Nilipokaa na mdogo wangu kuitazama Mufasa: The Lion King, filamu ya Barry Jenkins iliyotoka Desemba 2024, sikuwa mtazamaji asiye na upande.

Katika filamu hii Rafiki anamsimulia Kiara, binti wa Simba, jinsi babu yake alivyopata ufalme. Mufasa ni mtoto aliyesombwa na mafuriko akapotezana na wazazi wake. Anaokolewa na Taka, mwana wa mfalme Obasi. Obasi hamtaki mgeni, lakini mkewe Eshe anampokea, naye anakua miongoni mwa majike na kujifunza kuwinda. Simba weupe wanaoongozwa na Kiros wanapovamia, vijana hao wawili wanakimbia kwenda kuitafuta nchi ya Milele. Njiani Taka anampenda Sarabi, Sarabi anampenda Mufasa, na wivu unamfanya Taka amuuze ndugu yake kwa adui. Huyo Taka ndiye Scar wa filamu ya kwanza.

Jambo kubwa katika hadithi hii mpya ni kwamba imepindua msingi wa ile ya zamani. Mwaka 1994 ufalme ulikuwa wa damu: mnyang'anyi alipotawala nchi ilikauka, na mrithi halali aliporudi mvua ilinyesha. Sasa tunaambiwa kwamba Mufasa hakuwa mtoto wa mfalme hata kidogo. Mwenye damu ya kifalme alikuwa Taka. Mufasa anafuatwa kwa sababu ya matendo yake.

Mrundi hawezi kuona jambo hili kuwa geni. Ntare, jina walilolichukua baadhi ya wafalme wetu, maana yake ni simba, na kichwa cha simba kimo katika nembo ya taifa hadi leo. Ntare Rushatsi, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Burundi, baadhi ya masimulizi yanasema alitoka Buha, upande ambao leo ni Tanzania. Simba wetu wa kwanza naye alikuwa mtu wa kuja. Katika nchi ambamo swali la "wewe ni mtoto wa nani?" limewahi kugharimu maisha ya watu, filamu ya watoto inayosema kwamba kiongozi hapimwi kwa ukoo wake si jambo dogo. Kwa hilo naisifu bila kusita.

Kisha mdogo wangu akaniuliza: "Kaka, mbona mama yake alimwita Taka?"

Sikuwa na jibu, na filamu nayo haina. Jina hilo halikubuniwa mwaka 2024. Lilikuwa limeshatumika katika vitabu vya watoto vilivyofuata filamu ya kwanza. Lakini hapa tunaombwa tuamini kwamba mfalme na malkia walimtazama mrithi wao wa pekee wakampa jina la uchafu unaofagiliwa nje. Filamu inataka tumpende mtoto huyu kwanza, tumwone akimwokoa mgeni na kumwita ndugu, ndipo tuumie anapoharibika. Mtazamaji anayejua Kiswahili amepewa hukumu kabla ya kesi.

Mtu anaweza kuwatetea waandishi kwa kusema kwamba taka pia ni mzizi wa kutaka. Utetezi huo ungekuwa mzuri sana, maana maisha yote ya kijana huyu ni kutaka: kutaka ndugu, kutaka Sarabi, kutaka kiti cha baba yake. Lakini sikuona onyesho hata moja linalolisikia neno hilo hivyo. Na mwenendo huu si mpya. Mwaka 1994 fisi mmojawapo aliitwa Shenzi. Wema walipewa urafiki na usimba, waovu wakapewa matusi. Nalisema hili nikijua kwamba sisi Waswahili hatuna mikono safi. Watu wa pwani waliwaita wa bara washenzi, na hata Buyenzi neno hilo nimelisikia likirushwa kwa watu wa milimani, na watu walewale waliorushiwa wakatulipa kwa kutuita Waswahili.

Neno moja limetumika vizuri, nalo ni Milele. Kwetu si jina la mahali. Mtu akisema amekwenda milele, tunaelewa kwamba hatarudi. Kila Mufasa anapoitaja nchi hiyo ambayo wazazi wake walimwahidi, sikio la Kiswahili husikia pia akhera, na safari yote inapata uzito ambao sina hakika kama ulikusudiwa.

Kuna pia hasara ya macho. Scar aliyechorwa kwa mkono alikuwa na nyusi na midomo iliyosema kabla yeye hajafungua kinywa. Simba hawa wa kompyuta wanafanana mno na simba wa porini. Taka anapogundua kwamba Sarabi amemchagua mwingine, uso wake haubadiliki sana, na sauti inaachiwa kazi yote.

Hata hivyo mwisho ulinigusa. Taka anapata kovu lake akimkinga Mufasa asipigwe na Kiros, yaani katika tendo lake jema la mwisho. Mufasa anamruhusu kuishi naye, ila hatalitamka tena jina lake, na tangu hapo anaitwa Scar. Mtazamaji wa Paris au Chicago ataona mtu akipokonywa jina lake. Mimi na mdogo wangu tuliona mtu akitoka kwenye uchafu na kuingia kwenye kovu, bila kuwahi kuwa na jina la kupumzikia katikati.

Filamu inayofundisha kwamba mtu si damu yake ilipaswa kujua pia kwamba mtu si jina alilobandikwa. Itazameni na wadogo zenu, na mwafasirie majina.