Kumi badala ya kumi na sita

Fundi ninayemsimulia kwao ni Burungu, upande wa Kitshanga, katika vilima vya Masisi. Siku hizi yuko Goma, anatengeneza tovuti. Juzi nilikaa kando yake saa tatu nzima nikimtazama akisaka kosa moja, na sikuchoka.

Ukurasa ulikuwa wa muuza jibini la Masisi. Sehemu ya zamani ilijengwa kwa Bootstrap 3, maktaba ya mitindo ya tovuti, toleo la 2013. Baadaye kijana mwingine akaongeza fomu ya kuagizia kwa maktaba nyingine, Material UI. Kila moja peke yake haina neno. Zilipokutana, maandishi ya vitufe vya fomu yalisinyaa hadi mteja akawa anasogeza simu puani ili asome.

Mimi ningekuza herufi nikaenda zangu. Nikamwambia hivyo.

"Hapana, yaya. Utakuwa umepaka chokaa ukuta unaovuja."

Akanakili ukurasa, akaanza kuupunguza. Akatoa picha: kosa lipo. Akatoa menyu: lipo. Akazima nusu ya mitindo, likatoweka. Akaiwasha, akazima robo. Umeme ukakatika, akaendelea kwa betri bila hata kuinua kichwa. Mwishowe kikabaki kitufe kimoja katika ukurasa mweupe, nacho bado kimesinyaa. Hapo tu ndipo alipofungua zana za kivinjari na kusoma kipimo: pikseli 8.75.

Akacheka. Kitufe cha Material UI hupimwa kwa rem 0.875, yaani hufuata ukubwa wa herufi uliowekwa kwenye mzizi wa ukurasa. Kwa kawaida vivinjari huuweka mzizi huo kwenye pikseli 16, na kitufe hupata 14. Bootstrap 3 huushusha hadi 10. Piga hesabu mwenyewe. Tena Bootstrap hiyo hupima karibu kila kitu chake kwa pikseli, kwa hiyo mzizi ule wala haiutegemei. Mstari mmoja ukarudisha 16. Lakini hakuuamini mstari wake mpaka alipofungua kurasa zote za zamani, moja baada ya nyingine.

Kosa la pili halikumchukua muda. Dirisha la kuthibitisha oda, la Bootstrap, lilijificha nyuma ya lile la Material UI, kwa kuwa la kwanza limepangwa tabaka la 1050 na la pili 1300. Wengi hapa hubandika 9999, kisha kesho mwingine anabandika 99999, na vita haviishi. Yeye alilipandisha hadi 1350 pamoja na pazia lake, akaishia hapo, maana 1400 na 1500 zina wenyewe ndani ya Material UI.

Kabla ya kufunga kompyuta aliandika juu ya kila mstari aliougusa sababu ya kuugusa, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, akatia tarehe.