Mwana Mbuzi na Mtoto wa Watu

Twaona mara nyingi, katika madaftari ya wanafunzi na hata katika vitabu vilivyofasiriwa, kosa moja ambalo waalimu hulipita bila kulisahihisha. Kila neno la Kiingereza litajalo mtoto hufasiriwa "mtoto", basi. Liwe "child", liwe "kid", liwe "bairn", liwe "imp", yote huhesabiwa mamoja. Kosa hili laonekana dogo, walakini lina madhara mawili: mwanafunzi huvunja adabu asijue, na msomaji hunyimwa mapenzi yaliyomo katika maneno.

Na tuyatazame maneno yenyewe. "Kid" asili yake ni mwana mbuzi, nalo liliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia. Mwishoni mwa karne ya 16 watu walianza kumwita hivyo mtoto wa binadamu, nalo lilikuwa neno la mitaani. Karne ya 17 likazaa neno "kidnap", maana walikuwako wezi walionyakua watoto na watu wengine ili wakafanyishwe kazi katika makoloni ya Marekani. Leo "kid" ni neno la mapenzi, tena limeenea mno katika mazungumzo. Lakini si neno la barua ya heshima. Mwanafunzi alitiaye katika barua kwa mkuu wa shule amekwenda barazani na nguo za kulalia.

"Bairn" ni neno la Scotland na kaskazini ya Uingereza. Lina udugu na kitenzi cha kuzaa, na maana yake hasa ni aliyezaliwa. Huko Glasgow husema "wean", yaani "mdogo" na "mmoja" yaliyounganishwa kuwa neno moja. Haya ni maneno ya nyumbani, na mwenye kuyasikia hutambua mara moja msemaji ametoka wapi.

"Imp" limesafiri mbali zaidi. Kwanza lilikuwa chipukizi la mti. Kisha likawa mtoto, hata mtoto wa wakuu. Kisha mtoto wa shetani. Na sasa ni mtoto mtundu ambaye mama amkemea huku akicheka. Anayeandika "shetani mdogo" ameshika kemeo akaacha kicheko.

Je, mfasiri afanyeje? Lugha yetu haikupungukiwa. Tuna "mwanangu", tuna "kitoto", tuna "kinda". Lakini "mbuzi" hatuwezi kulichukua, maana kwetu kumwita mtu mbuzi ni kumtukana kuwa mjinga. Tena tunayo desturi iliyo njema: mama humwita mwanawe mchanga "baba", na binti yake "mama". Mwingereza mara nyingi humbembeleza mtoto kwa kumfanya mdogo, hata kumfananisha na mwana wa mnyama, ingawa naye husema "little man", yaani bwana mdogo. Sisi twambembeleza kwa kumpandisha, tukampa heshima ya wazee kabla hajajua kutembea.

Wako watakaosema kwamba mfasiri akiandika "njoo, baba" mahali penye "kid" ameongeza lisilokuwamo. Twajibu kwamba mapenzi yalikuwamo, naye akiyaacha ndipo amepunguza. Hata hivyo na awe mwangalifu: katika hadithi ambamo baba asema na mwanawe, neno hilo laweza kumchanganya msomaji, na hapo "mwanangu" lafaa zaidi.

Kwa hiyo twawasihi waalimu wenzetu wasitosheke na maana ya kamusi. Wamwulize mwanafunzi mambo matatu: Nani asema? Asema na nani? Yuko nyumbani au mbele ya wakubwa? Akijibu hayo atajua kuchagua neno. Asipoyajibu, hata kamusi kubwa haitamwokoa.