Nahodha Asiyefukuza

Nahodha wa Kizimkazi, Unguja, hauzi pomboo. Hawafugi, hawaiti kwa filimbi, na siku wasipotokea hana pa kuwatoa. Anachouza ni kigumu kukipangia bei: kumfikisha mgeni mahali ambapo pomboo huenda wakaonekana, kumfikisha kwa namna ambayo hawatakimbia, kisha kumrudisha ufukweni akiwa mzima. Mimi ni mtu wa Kibati, kaskazini ya Goma, mashariki mwa Kongo. Kwetu hakuna bahari wala kijito. Mvua ikinyesha hupenya kwenye mawe meusi ya volkano ikapotea, na watoto hubeba bido mwendo mrefu kutafuta maji. Lakini kazi hii naijua. Kwetu ilifanywa na watu waliokuwa wakipandisha wageni kwenye mlima wa Nyiragongo, na ndiyo sababu nilipokaa ndani ya boti ya Kizimkazi macho yangu yalibaki kwa mtu aliyeshika usukani kuliko kwa mapezi yaliyokuwa yakichomoza majini.

Kibati ipo kando ya barabara ya Rutshuru, kwenye miguu ya mlima, na kituo cha askari wa Hifadhi ya Virunga kilichopo hapo ndicho kilichokuwa mlango wa kupandia. Kutoka mlangoni hadi ukingo wa kreta, mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, mgeni alitembea saa nne mpaka sita. Alianza na msitu, halafu mawe ya lava yanayobingirika chini ya kiatu, halafu vichaka, halafu baridi tupu. Wapagazi walibeba hema, maji, chakula na makala ya kupikia, nao walifika juu kabla ya wageni wasiobeba chochote. Mwaka 1948 mwanajiolojia Haroun Tazieff aliliona ziwa la lava likitokota ndani ya kreta hiyo, na tangu hapo watu wametoka pande zote za dunia kuja kulitazama. Ila wingu likitanda, aliyesafiri siku mbili kutoka Ulaya hakuona kitu isipokuwa weupe. Kiongozi mzuri wa Kibati hakuomba radhi kwa sababu ya wingu. Alimweka mgeni nyuma ya ukingo, kwenye mwamba aliouamini, akamfunika blanketi, akamwambia angoje. Na ziwa lenyewe halina ahadi na mtu: lilitoweka mwaka 1977, likatoweka mwaka 2002, likatoweka tena Mei 2021, mlima ulipopasuka ubavuni jioni ya tarehe 22 na lava ikaikata barabara yetu, ikaenda kusimama Buhene, mlangoni mwa Goma.

Kwa hiyo nimekulia miongoni mwa watu waliokula kwa jasho la kuonyesha kitu wasichoweza kukiamuru. Nakiita kipaji hicho ufundi, na ufundi mkubwa, ingawa hauachi nyuma meza wala kikapu wala jahazi ambalo mtu atalipapasa aseme, hiki alikifanya fulani.

Kizimkazi iko kusini kabisa mwa Unguja. Ni makazi ya kale. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Watu wa hapo ni wavuvi, na uhusiano wao na pomboo haukuanza kwa mapenzi. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo walikuwa wakichomwa kwa chusa, nyama yao ikawa chambo cha papa. Utalii wa kuwatazama ulianza mwanzoni mwa miaka hiyohiyo, kwa hiyo kwa muda fulani pwani ileile ilitoa boti za kuwaua na boti za kuwatazama. Jambo hili limenikaa kichwani kuliko lolote lingine nililolisikia huko. Mtu wa chusa alilazimika kujua pomboo atazama wapi na ataibukia wapi, atapumua mara ngapi kabla ya kwenda chini tena, mama anamweka mtoto ubavu upi. Alilazimika kukaribia bila kusikika. Silaha ilipowekwa chini, ujuzi huo wote haukutupwa. Ulibaki mikononi mwa watu walewale, ukaanza kutumikia kazi nyingine, na vijana wakaurithi bila kushika chusa hata siku moja.

Tulitoka alfajiri, maji yakijaa, kabla upepo haujaamka. Nahodha alisimama nyuma, mkono mmoja kwenye mkono wa mashine. Kijana wake alikaa omo na upondo mfupi wa kusukumia boti mahali penye miamba. Sisi wageni tulikuwa tukikodoa macho mbali, kwenye mstari wa mbingu na bahari. Yeye hakutazama huko. Alikuwa akisoma ngozi ya maji: pale mkondo unapokutana na mkondo mwingine maji yanakunjamana, pale samaki wadogo wanapopanda juu maji yanachemka, na ndege huja kabla ya kila mtu. Alipopishana na ngalawa iliyokuwa ikirudi kutoka kuvua usiku, alipunguza mwendo, akasalimia, akauliza habari za nyumbani, za mgonjwa fulani, za samaki. Mwisho kabisa akauliza pomboo wamepita wapi. Mvuvi akanyoosha kidevu upande wa kusini. Hakuna chombo cha kisasa kinachoshinda salamu hiyo, maana mvuvi hamwambii habari za bahari mtu asiyemjulia hali.

Pezi la kwanza lilionekana. Nilitarajia tutaongeza mwendo. Badala yake sauti ya mashine ilishuka mpaka ikawa mnong'ono, na boti haikuelekea kwao. Ilijiweka pembeni, sambamba na njia yao, mbali kiasi cha kuwafanya baadhi yetu wanung'unike. Nahodha hakujibu manung'uniko. Alikuwa anatazama migongo. Pomboo wanaopumzika hukaa pamoja kwa karibu, hupanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, hawaruki, hawachezi. Pomboo hawalali usingizi wetu; nusu ya ubongo hupumzika na nusu nyingine hukesha, kwa kuwa kila pumzi yao ni ya kukusudia na lazima waifuate juu. Ukiwaingilia wakati huo umewaamsha wote. Wanaowinda ni tofauti, hutawanyika, hugeuka ghafla, na huko pia si mahali pa boti. Wale wa asubuhi ile walikuwa safarini, na kati yao mama na mtoto. Nahodha aliwaacha watangulie, akabaki ubavuni. Baada ya muda wawili walitoka kwenye kundi wakaja wenyewe, wakapita chini ya boti yetu, wakageuka kutazama juu. Sauti ya pumzi yao ilisikika wazi, kavu na fupi, karibu kabisa na sikio. Hakuna aliyewaleta. Aliyekuwa usukani alikuwa ameacha nafasi, wakaitumia.

Ni lazima niseme pia kwamba si boti zote zilikuwa hivyo. Nyingine zilifika kwa kasi, zikakata mbele ya kundi, zikamwaga wageni majini na miwani yao na mapezi ya plastiki ili waogelee pamoja na pomboo. Pomboo wakazama, boti zikazunguka, zikakata mbele tena. Majini sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na pomboo huiona dunia kwa mwangwi wa sauti zake mwenyewe. Mashine tano zikinguruma kumzunguka ni kumtia mtu kitambaa usoni. Watafiti waliofanya kazi Kizimkazi wameonyesha kwamba boti za utalii zikiwapo pomboo hupumzika kidogo, hula kidogo, na hutumia muda mwingi wakihama. Sijawahi kuusoma utafiti uliokubaliana hivyo na lile ambalo nahodha mzuri analijua kwa macho yake.

Na simlaumu kijana anayefukuza kana kwamba amezaliwa na roho mbaya. Mgeni amelipa, mgeni ana saa mbili, mgeni ana simu mkononi, na bakshishi huja kwa anayemsogeza karibu zaidi. Boti mara nyingi si yake. Ina mwenyewe anayesubiri hesabu. Katika hali hiyo kujizuia ni gharama inayotoka mfukoni mwa fundi, na hapo ndipo heshima yangu kwa nahodha asiyefukuza inapokuwa kubwa. Kila asubuhi anaweka fedha ya kweli mezani kwa ajili ya kiumbe ambaye hatamjua wala kumshukuru.

Pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna Shimoni, na huko safari ya pomboo huunganishwa na mapango. Boti hutoka gatini, hupita mkono wa bahari uliopo kati ya bara na kisiwa cha Wasini, huenda hadi hifadhi ya Kisite na Mpunguti, na wageni wakirudi hupelekwa mapangoni kwa miguu, hatua chache kutoka ufukweni. Mwamba wa huko ni wa matumbawe ya kale, mweupe, umetobolewa na maji. Mwamba wetu wa Kibati ni lava nyeusi, nao una mapango yake, yaliyoachwa na moto uliopita ndani ukatoka. Nilipoingia Shimoni nilijua kutembea: unainama, unagusa ukuta, unasubiri macho yazoee.

Wenyeji husimulia kwamba mapango hayo yalikuwa maficho wakati wa mashambulizi na mahali pa kuomba dua, na kwamba baadaye yalitumika kuwafungia watu waliokamatwa, wakingoja vyombo vya kuwapeleka sokoni Zanzibar. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimishwa kuutia saini. Aliyetuongoza alikuwa mzee wa hapohapo. Alitusimulia kwa maneno machache, akatuonyesha mahali pa minyororo, halafu akanyamaza na kutuacha. Alikuwa na ufundi uleule wa nahodha, akiutumia ndani ya giza: kujua umbali wa kumweka mgeni na maumivu ya watu wengine. Angeweza kuigiza, kulia, kutikisa chuma. Hakufanya.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kusimama pale kwa muda mrefu. Kiswahili nilichozungumza na mzee yule kilifika mashariki mwa Kongo kwa njia za misafara ya pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, na wenzake walijenga makao Kasongo na Nyangwe, huko Maniema, na lugha ikabaki walipoondoka. Sidai kwamba waliofungwa Shimoni walikuwa watu wa kwetu. Nasema tu kwamba mzee wa pwani na mtu wa Kibati walielewana bila mkalimani ndani ya pango lile, na kwamba njia iliyotuletea lugha hii ilikanyagwa na watu waliofungwa shingo kwa shingo. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Karibu, mwanangu," akanishika mkono kunipandisha ngazi.

Kurudi ni nusu ya kazi, ingawa hakuna mgeni anayeipiga picha. Kusi ikianza kuvuma mchana bahari ya kusini mwa Unguja hubadilika upesi, na nahodha aliyewakuta pomboo wazuri saa tatu lazima awe na moyo wa kuwaacha saa tatu na nusu. Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Kiongozi alitazama moshi unaelekea wapi kabla ya kuwaruhusu watu kusogea ukingoni, na huko chini, kati ya Goma na Sake, kila mtoto hufundishwa kutoshuka kwenye mabonde ya mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi inayojikusanya mashimoni na kuua mbuzi na watu. Lakini si kila hatari iliyofunga mlima wetu ilitoka ardhini. Mei 2018 wageni walitekwa kaskazini ya Goma, naye askari wa hifadhi, mwanamke wa miaka 25, akauawa akiwalinda. Utalii ukasimama hadi mwaka uliofuata. Vita viliporudi, barabara ya Rutshuru ikawa njia ya wakimbizi na magodoro vichwani. Walioijua kila hatua ya mlima wakatafuta mkate kwingine. Wengine husukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wengine huuza makala yaleyale waliyokuwa wakiyapandisha juu.

Ujuzi wao hauandikwi popote, na hauwezi kuhifadhiwa kwa kusimuliwa tu. Kijana hujifunza kusoma wingu kwa kupanda nyuma ya mtu anayelisoma, kama kijana wa omo anavyojifunza migongo ya pomboo kwa kumtazama nahodha anapopunguza mashine. Mwaka mmoja bila kupanda ni mwaka bila wanafunzi. Hili ndilo linalonisumbua ninapoikumbuka Kizimkazi, ambako bahari iko wazi, boti zinatoka kila asubuhi, na bado ufundi unaweza kupotea kwa haraka ya kumridhisha mgeni.

Natamani kuwakutanisha watu hawa wawili, nahodha wa kule na kiongozi wa kwetu, wakae siku nzima bila mimi kuingilia. Wangekuwa na mengi. Mtu wa Kibati angetaka kujua inakuwaje unatambua kwa mgongo tu kwamba mnyama amechoka. Nahodha angeuliza unamzuiaje mtu mzima, aliyelipa, asisogee ukingoni pale ziwa linapofunguka na kila mtu anasahau miguu yake. Halafu wangefika kwenye swali la fedha, nalo lingewachukua hadi magharibi: unamwambia nini mgeni kabla hajalipa, kwa maneno gani, ili aelewe kwamba analipia kupelekwa na kurudishwa, na kwamba wingu na pomboo hawamo kwenye hesabu.