Mlango wa Mkunga: Kusoma Upya "Rosa Mistika" na "Utengano"

Mwaka 2025 riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Jay Boss Rubin, iliyochapishwa na Yale University Press, zaidi ya nusu karne tangu toleo la Kiswahili la 1971. Wasomaji wa Marekani wameipokea katika nchi ambayo Juni 2022 Mahakama ya Juu iliifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, haki iliyokuwapo tangu 1973. Msomaji wa namna hiyo hawezi kuzipita haraka mimba za Rosa. Msomaji wa Kiswahili, kinyume chake, amefundishwa kuzipita haraka, na amefundishwa darasani.

Yeyote aliyewahi kuisoma riwaya hii kwa ajili ya mtihani anaujua mpangilio wa vijitabu vya uchambuzi. Kwanza malezi mabaya, kisha ulevi, kisha mmomonyoko wa maadili. Na chini ya mmomonyoko wa maadili, baada ya umalaya, hoja ya "utoaji mimba" kwa mistari miwili mitatu. Hoja ikishawekwa katika saraka hiyo, maswali hukoma. Hakuna anayeuliza msichana wa chuo asiye na mshahara angemwendea nani, kwa fedha za nani, na kama angevuja damu usiku angethubutu kumwamsha nani. Kitabu kilichowahi kuzuiwa shuleni kwa ajili ya uwazi wake kiliruhusiwa baadaye kuingia darasani, lakini kiliingia kikiwa kimeshafungwa mdomo na uchambuzi.

Ukiisoma bila kijitabu, riwaya inasema mengine. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na kipigo hicho ndicho somo pekee la mwili ambalo Rosa anapewa nyumbani. Anaondoka kwenda shule, kisha chuo cha ualimu, akijua hofu tu. Huko chuoni anaangukia mikononi mwa mkuu wa chuo mwenyewe. Mwanafunzi mwenye mimba katika mazingira hayo hakuwa na hiari nyingi: mimba ilikuwa mwisho wa masomo. Desturi ya kumfukuza shule msichana mjamzito ilidumu Tanzania miaka mingi mno baada ya Rosa, na serikali iliondoa kizuizi cha kurudi masomoni Novemba 2021 tu. Kwa hiyo kutoa mimba, katika ulimwengu wa riwaya hii, si uasi dhidi ya nidhamu ya shule. Ni zao la nidhamu hiyo. Msichana anatoa mimba ili abaki mwanafunzi mwema.

Kezilahabi si mtetezi wa Rosa kwa maana ya wanaharakati wa leo, na haifai kumvisha joho hilo. Hukumu ya riwaya ni kali. Rosa anajiua baada ya mchumba kumkataa, na mwishoni kesi yake inahamishiwa mbele ya Mungu, ambako washitakiwa wakuu ni binti na baba. Hapo ndipo riwaya inapopungukiwa. Kwa kuifanya kesi kuwa ya familia, inakiachia chuo mlango wa nyuma, na pamoja nacho sheria na hospitali. Wachambuzi waliokuja baadaye wamepita mlango huohuo.

Lugha yenyewe imewasaidia kupita. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo wodi za wanawake zinavijua vizuri. Mimba "hutolewa", au mimba "huharibika". Cha kwanza kinadai mtenda. Cha pili hakina mtenda, kimetokea tu, kama maziwa yaliyoganda. Mwanamke anayefika hospitali akivuja damu husema imeharibika, na muuguzi mwenye busara mara nyingi haulizi zaidi, maana wote wawili wanajua uzito wa mtenda mbele ya sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaupima uzito huo kwa miaka: 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa dawa au kifaa. Shina la vifungu hivyo ni sheria ya Uingereza ya 1861. Uingereza yenyewe ililegeza masharti yake mwaka 1967. Koloni lililorithi maandishi liliendelea kuyatunza. Wala si makoloni pekee yenye sheria kongwe. Wisconsin, jimbo ambalo Kezilahabi alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1985, lilikuwa na sheria ya 1849 iliyolala kwa miongo mingi. Hukumu ya 2022 ilipotoka, sheria hiyo iliamka, na watoa huduma jimboni wakaacha kutoa mimba hadi Septemba 2023. Mahakama ya juu ya jimbo iliizika Julai 2025.

Lakini riwaya inayofaa kuwekwa kando ya Rosa Mistika haina mimba iliyotolewa. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa 1980, Bi Tamima ni mke wa ndoa, mtawa, mjamzito kwa halali. Uchungu unamshika katika nyumba ambayo mumewe, Bwana Maksuudi, ameifunga kwa amri zake. Anaitwa Farashuu, mkunga mwenye uhasama wa zamani na mwenye nyumba, naye anaingia bila idhini. Maksuudi anarudi, anamkuta, na fimbo inatembea. Tamima anaachwa talaka akiwa bado katika uchungu wa kuzaa.

Katika vijitabu, Tamima na Rosa hawakutani. Mmoja amewekwa chini ya ukandamizaji wa mwanamke, anahurumiwa. Mwingine yumo katika maadili, analaumiwa. Ila tukio lao ni moja: mwili wa mwanamke una shida inayohitaji mkono wa mjuzi, na kati yake na mkono huo amesimama mwanamume mwenye ufunguo.

Msomaji makini atapinga, na pingamizi lake ni zito. Kuzaa na kutoa mimba si kitu kimoja. Kwa Mkristo na Mwislamu wengi swali la uhai ulio tumboni haliwezi kugeuzwa kuwa swali la ada ya zahanati. Ni kweli, na uhakiki unaojifanya haulioni swali hilo haumheshimu msomaji. Hata hivyo mlango, ukifungwa, hauchagui. Mwaka 2011 bunge la Texas lilikata bajeti ya uzazi wa mpango kutoka dola milioni 111 hadi takriban milioni 38, na shabaha iliyotajwa waziwazi ilikuwa Planned Parenthood, kwa sababu ya utoaji mimba. Kliniki 82 zilifungwa au zikaacha huduma hiyo, na ni thuluthi moja tu kati yake zilizokuwa za shirika hilo. Waliobaki nje ni wanawake waliokuwa wakifuata vidonge, kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi, au ushauri kwa bei ya mtu asiye na bima. Akina Tamima walifungiwa kwa sababu ya akina Rosa.

Said Ahmed Mohamed alilijua hili kwa njia ya hadithi. Farashuu hatoweki baada ya kufukuzwa. Anarudi na mjukuu wake Kazija, na kupitia kwao Maksuudi anaanguka mbele ya watu waliokuwa wakimheshimu. Wahakiki wamemjadili sana Farashuu mlipiza kisasi, wengine wakimwona shetani wa riwaya, wengine sauti ya wanyonge. Kwamba siku ile aliingia nyumba ya adui yake kwa sababu kulikuwa na mwanamke anazaa, jambo hilo hupewa sentensi moja, mara nyingi ndani ya mabano.