Pongezi kwa Wachora Kanga

Mtaa wa Biashara, Mombasa, una bustani isiyomwagiliwa: korosho, nanasi, tausi, majani, vyote vimetandazwa kwenye mji, yaani katikati, na pindo za kanga. Kaderdina Hajee Essak, duka la tangu 1887 lenye chapa ya Mali ya Abdulla, limewavisha wanawake wa Mji wa Kale michoro hiyo kizazi baada ya kizazi. Lakini nawasifu hasa wachoraji, ambao kanga haiwataji. Kazi yao ni kupunguza. Rangi ni chache, kwa hiyo korosho hubaki umbo moja nene lililopinda, limejaa vitone, na bado mama yeyote huitambua kutoka ng'ambo ya barabara. Maua siku hizi yamezidi, yananichosha. Korosho nyekundu juu ya nyeupe, doti hiyo nainunua bila kuomba kupunguziwa.